Mwongozo wa Kuchagua Injini Mbadala kwa Mercedes-Benz W126

Maswali ya wanaoanza kufufua Mercedes-Benz ya umbo la W126, yaani S-Class ya miaka ya 1980, hayabadiliki sana. Ni injini gani itakayoingia bila kukata bodi? Je, giaboksi ya zamani itaendelea kutumika? Si afadhali kufunga injini ya Toyota na kuachana na usumbufu wa vipuri? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari ana gari, lenye bodi isiyooza na injini iliyochoka, na ambaye anataka kufanya uamuzi kabla ya kutoa fedha. Hautakufundisha kufunga injini bolti kwa bolti. Utakufikisha mahali ambapo unajua ununue injini ipi, na kwa sababu gani.

Jambo moja liwekwe wazi mapema, kwa kuwa hatua zote zinazofuata zinalitegemea. Injini hainunuliwi peke yake. Unachonunua ni injini pamoja na giaboksi inayoelewana nayo, wayaringi yake, kontroli boksi yake (kompyuta ya injini), na fundi atakayeweza kuihudumia mwaka ujao. Miradi mingi inayolala chini ya turubai kwa miaka haikushindwa kwa sababu injini ilikuwa mbovu. Ilishindwa kwa sababu mwenye gari alinunua injini yenye nguvu kwa bei nzuri, kisha akagundua kwamba vitu vinavyoizunguka vinagharimu zaidi ya injini yenyewe.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Usianze kuzunguka Kirinyaga Road jijini Nairobi au Gerezani jijini Dar es Salaam kabla hujawa na vitu hivi mkononi:

- Namba ya chasi na namba ya injini, ulizozisoma mwenyewe kwenye gari na si kwenye karatasi peke yake. Namba ya chasi ya gari hili huanza na WDB126, na tarakimu 3 za mwanzo za namba ya injini hutaja familia yake: 103, 110, 116 au 117.
- Kipimo cha kompresheni chenye mdomo unaoingia kwenye tundu la plagi, pamoja na kipimo cha presha ya mafuta kinachofika angalau bar 8.
- Futi kamba, kadibodi ngumu na kalamu ya alama, kwa ajili ya kupima nafasi.
- Kipima umeme cha kawaida.
- Daftari la gharama lenye safu mbili: bei ya injini katika safu moja, na kila kitu kingine katika safu nyingine.
- Fundi wa mitambo na fundi umeme wa magari, wote wawili wakiwa wamekubali kazi kabla hujanunua. Fundi umeme ndiye anayesahaulika, na ndiye atakayekaa na gari muda mrefu zaidi.

Kuhusu fedha, sitaandika bei kwa sababu hubadilika kila shilingi inapotetereka mbele ya dola. Panga bajeti ukichukulia kwamba injini ni nusu ya gharama ukibaki ndani ya familia ya Mercedes, na theluthi moja tu ukihamia kwa mtengenezaji mwingine.

Hatua ya 1: Hakikisha injini ya zamani imekufa kweli

Hatua hii hurukwa na wengi, na ndiyo inayoweza kuokoa fedha nyingi kuliko nyingine zote. Injini ya M103, ile ya silinda 6 iliyofungwa kwenye 260 SE na 300 SE kuanzia 1985, huhukumiwa kifo kwa makosa ambayo hutibika bila kuishusha.

Anza na moshi. Ikiwa moshi wa bluu hutoka asubuhi gari linapowashwa, au baada ya kuteremka mlima mrefu bila kukanyaga mafuta, kisha ukapotea, mara nyingi tatizo ni sili za valvu na si ringi za pistoni. Sili hizo hubadilishwa bila kufungua hedi. Ikiwa moshi wa bluu hautoki kabisa lakini oili inapungua, angalia kona za gasketi ya hedi, ambako injini hii hupenda kuvujia.

Kisha angalia muungurumo. M103 hutumia mfumo wa kupuliza mafuta wa KE-Jetronic wa Bosch, ambao hauvumilii hewa inayoingia kwa mlango wa pembeni. Mipira iliyopasuka chini ya kifaa cha kupimia hewa, au rilei ya kulinda mfumo dhidi ya volti kubwa, yenye fyuzi juu yake, vinaweza kuifanya injini nzima itetemeke gari linaposimama na kukosa nguvu barabarani. Taa ya ABS ikiwaka wakati huohuo, ishuku rilei hiyo kwanza.

Mwisho, pima kompresheni injini ikiwa moto, plagi zote zikiwa zimetolewa na throtoli ikiwa wazi kabisa. Tofauti kati ya silinda ya juu na ya chini isizidi bar 1.5. Namba yenyewe itategemea mahali ulipo: injini inayotoa bar 12 Mombasa inaweza kutoa takribani bar 10 Nairobi, mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ikiwa na afya ileile. Kwa hiyo linganisha silinda kwa silinda, wala usitishwe na namba iliyotolewa kwenye kitabu kilichoandikiwa Ulaya.

Ikiwa silinda mbili zilizo jirani zimeanguka pamoja, gasketi ya hedi imepasuka kati yao. Ikiwa silinda moja imeanguka na haipandi hata ukitia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, valvu yake haifungi. Ikiwa inapanda kwa oili, ringi au ukuta wa silinda umelika. Ni hali hii ya mwisho tu, au mlio mzito wa kugonga kutoka chini, inayokupeleka moja kwa moja kwenye hatua ya 2. Kabla ya hapo, omba makisio ya kuifanyia injini yako matengenezo makubwa na uyaandike kwenye daftari, ili yawe kipimo cha kulinganishia kila injini utakayoonyeshwa.

Hatua ya 2: Amua gari litafanya kazi gani

Andika sentensi moja. Gari la harusi na la Jumapili halihitaji kile kinachohitajika na gari la kusafiri kila mwezi kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, na gari unalotaka kuliuza siku moja kwa mpenzi wa magari ya kale linapaswa kubaki na injini ya familia yake, kwa kuwa mnunuzi wa aina hiyo hufungua boneti kabla ya kufungua mlango. Ukishindwa kuandika sentensi hiyo, usinunue chochote bado.

Hatua ya 3: Pima nafasi kabla ya kupima nguvu

Chumba cha injini cha W126 ni kikubwa, kwa sababu kilibuniwa kupokea silinda 6 zilizopangwa mstari pamoja na V8. Hata hivyo, ukubwa huo hudanganya. Mambo manne ndiyo yanayoamua:

1. Sampu. Angalia bakuli la oili la injini mpya liko mbele, katikati au nyuma, kisha ulilinganishe na mahali krosimemba (mhimili wa chuma unaokatiza chini ya injini) na fimbo za stelingi zinapopita. Injini moja ya Toyota inaweza kuwa na sampu za aina tofauti kulingana na gari ilikotoka.
2. Boksi la stelingi. Kwenye magari yetu ya usukani wa kulia, boksi hilo limekaa kulia, na manifoldi ya ekzosti ya V8 hugombea nafasi hiyohiyo.
3. Urefu wa mbele. Pima kutoka ukuta wa nyuma hadi kwenye rejeta, kisha uache nafasi ya feni. Rejeta ndogo isiwe suluhisho.
4. Urefu wa juu. Manifoldi ya hewa ya baadhi ya injini hugusa boneti. Tengeneza umbo la kadibodi, liweke, na ufunge boneti taratibu.

Tahadhari: usikubali kukata krosimemba au ukuta wa nyuma ili injini iingie. Ikiwa haiingii kwa kubadilisha mauntingi na sampu, injini hiyo si ya gari hili.

Hatua ya 4: Linganisha injini zenyewe

Hapa ndipo uamuzi ulipo, na nitakwenda polepole.

Injini ileile ya mwanzo. Ikiwa gari lako lilikuwa 260 SE au 300 SE, M103 nyingine nzima ndiyo njia fupi kuliko zote. Kila bolti, kila waya na kila bomba vinarudi mahali pake. Magari ya W124, umbo dogo kuliko W126, ya 260 E na 300 E yalitumia familia hiyohiyo, kwa hiyo wigo wa kutafuta ni mpana kuliko unavyodhani. Utahitaji kuhamisha sampu, mauntingi au vifaa vya pembeni kutoka kwenye injini yako ya zamani pale vinapotofautiana, na kwa sababu hiyo usiiuze injini ya zamani mpaka mpya iwake. Kwa 280 SE yenye M110 hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa injini hiyo ni ya kizazi cha nyuma na zilizobaki nzima ni chache. Mwenye M110 iliyokufa anapaswa kusoma sehemu inayofuata kwa makini.

M104. Hii ndiyo chaguo langu la kwanza kwa mtu anayetaka nguvu zaidi bila kuondoka nyumbani kwa Mercedes. Ni silinda 6 zenye valvu 24, na ndiyo iliyorithi nafasi ya M103 kwenye W124, kwa hiyo uso wa nyuma unaofungwa kwenye giaboksi ni uleule. Kuna aina mbili zinazokuhusu. Ya lita 3.0 kutoka 300 E-24 na 300 CE-24 bado inatumia KE-Jetronic, hivyo huingia katika gari lenye mfumo huo kwa usumbufu mdogo wa umeme. Nguvu yake ni 220 PS (nguvu farasi), dhidi ya takribani 180 hadi 188 za M103 ya lita 3.0. Ya lita 3.2 kutoka 320 E ina mfumo wa HFM unaosimamia mafuta na moto kwa pamoja, na ni tamu kuiendesha, lakini lazima inunuliwe na wayaringi na kontroli boksi zake zote.

Tahadhari mbili kuhusu M104. Wayaringi za injini za takribani 1992 hadi 1995 zilivikwa plastiki inayokauka na kumomonyoka kwa joto. Ikunje waya taratibu karibu na nozeli, na ukiona ganda linavunjika kama biskuti, hesabu wayaringi mpya ndani ya bei. Pili, epuka M104 iliyotoka kwenye magari ya kuanzia 1996 yenye ufunguo wa kielektroniki wa kuzuia wizi, isipokuwa unapewa ufunguo na kontroli boksi zote zinazotambuana. Bila hivyo, injini itazunguka na stata lakini haitawaka.

V8 za Mercedes. Ikiwa gari lako lilizaliwa na V8, tafuta V8. M116 na M117 ni injini za alumini zinazodumu, ila miongozo ya plastiki ya cheni ya taimingi hukatika kwa uzee, na ikikatika cheni huruka meno na valvu hukutana na pistoni. Fungua kifuniko cha valvu uitazame kabla ya kulipa. M119 yenye valvu 32 ni nzuri mno, lakini ni kazi ya mtu mwenye subira na fundi aliyewahi kuifungua. Kwa gari lililozaliwa na silinda 6, kuhamia V8 ya Mercedes maana yake ni ekzosti mpya, mauntingi mapya, giaboksi nyingine na mfumo mwingine wa mafuta. Ukijumlisha, ungeweza kununua 500 SE nzima iliyogongwa nyuma na kuhamisha kila kitu kwa mpigo.

Toyota za familia ya JZ. Usiwacheke wanaozifunga. 1JZ-GE ya lita 2.5 na 2JZ-GE ya lita 3.0 zilitoka kwenye Crown, Mark II, Chaser na Aristo, magari ambayo mafundi wa mwambao na bara wanayafahamu kwa kupapasa. Ni silinda 6 za mstari zenye bloku ya chuma, na hutoa moshi upande wa kulia kama M103, jambo linalorahisisha ekzosti. Kinachopotea ni uhalisi wa gari na sehemu ya thamani yake kwa wapenzi wa magari ya kale. Kinachopatikana ni pampu ya maji unayoweza kuinunua siku ileile ilipoharibika.

Tahadhari: ukiona maandishi D-4 juu ya injini, au jina lake likiishia na FSE, iache. Hiyo hupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa, na pampu hiyo ndiyo inayowatesa hata wenye Crown zilizo nzima. Unayoitaka huishia na GE.

1UZ-FE. V8 ya lita 4.0 kutoka Celsior, Crown Majesta na Soarer huvutia wengi, nami naelewa kwa nini: utulivu wake unalingana kabisa na hadhi ya W126. Chagua ya kabla ya 1997, isiyo na VVT-i (mfumo wa kubadilisha taimingi ya valvu kwa kompyuta), kwa sababu umeme wake ni rahisi. Stata yake imejificha katikati ya V, chini ya manifoldi ya hewa, kwa hiyo ifungue na kuihudumia injini ikiwa bado sakafuni. Tatizo lake kubwa kwenye gari hili ni manifoldi ya kulia dhidi ya boksi la stelingi, na utahitaji fundi wa kuchomelea anayejua kazi.

Dizeli. W126 za dizeli ziliuzwa Marekani, si Ulaya, zikiwa na OM617, OM603 na baadaye ile ya lita 3.5. Dizeli inawezekana, lakini breki zitahitaji pampu ya vakyumu, tangi na mabomba yatahitaji kusafishwa kabisa, na ile ya lita 3.5 ina sifa mbaya ya kupinda koni rodi. Kwa anayeanza, sipendekezi.

Hatua ya 5: Funga mkataba kati ya injini, giaboksi na difu

W126 nyingi za otomatiki zina giaboksi ya gia 4 ya familia ya 722.3 au 722.4, inayofanya kazi kwa presha ya oili, kebo inayotoka kwenye throtoli na mpira wa vakyumu. Haihitaji kompyuta. Ukichagua M103 au M104, inaweza kubaki, mradi kebo na mpira huo virudishwe na kurekebishwa.

Ukichagua Toyota, nunua giaboksi yake pamoja nayo, ikiwa na konveta, kontroli boksi na mkono wake wa kuingizia gia. Sahani za kuunganisha injini ya Toyota na giaboksi ya Mercedes zipo, lakini kila milimita iliyokosewa katikati hula sili na beringi. Propela itatengenezwa kwa kuunganisha nusu ya mbele ya Toyota na nusu ya nyuma ya Mercedes, kisha isawazishwe kwa mashine.

Fanya hesabu ya mzunguko kabla ya kuamua juu ya difu. Tairi la 205/65R15 husafiri takribani mita 2 kwa kila mzunguko, kwa hiyo kwa kilomita 100 kwa saa linazunguka kama mara 833 kwa dakika. Zidisha kwa uwiano wa difu, kisha kwa uwiano wa gia ya mwisho. Difu ya 3.46 na gia ya mwisho ya 1.00 hutoa karibu 2,900. Difu hiyohiyo ikiwa na gia ya mwisho ya 0.705 ya Toyota hutoa karibu 2,030, nayo ni nzuri kwa safari ndefu. Matokeo yakiangukia chini ya 1,800, injini isiyo na tabo itachoka kwenye miinuko, hasa bara, ambako hewa nyepesi hupunguza nguvu kwa takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000.

Hatua ya 6: Hesabu umeme, mafuta na kupoza

Kwa umeme, kanuni ni kwamba wayaringi isiyokatwa ina thamani ya nusu ya injini. Wauzaji hupenda kukata waya karibu na ukuta ili kuharakisha kazi. Wayaringi ya namna hiyo inaweza kuunganishwa, lakini utamlipa fundi umeme kwa saa nyingi. Njia bora ni kununua kichwa kizima cha gari lililokatwa nusu, kwa sababu unapata pia rilei, fyuzi, kanyagio la mafuta, sensa na mabomba.

Usibadilishe sensa za deshibodi. Geji ya presha ya oili na ya joto la maji za W126 zinaelewana na sensa za Mercedes tu, kwa hiyo tengenezewa adapta ili sensa hizo ziingie kwenye injini mpya, na zile za Toyota ziachwe zizungumze na kontroli boksi.

Kwa mafuta, KE-Jetronic hufanya kazi kwa zaidi ya bar 5, ilhali Toyota hizi huhitaji takribani bar 3. Pampu ya nyuma ya W126 inaweza kubaki, mradi regyuleta ya injini mpya ifanye kazi na bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi liwe wazi.

Kwa kupoza, tumia rejeta kubwa uliyo nayo baada ya kuisafisha, au yenye ukubwa uleule. Mkoani Tanga na Mombasa, joto la foleni ya mchana halimsamehe aliyebana matumizi kwenye feni.

Hatua ya 7: Kagua injini kabla ya kulipa

1. Soma namba kwenye bloku. Iwe imegongwa kiwandani, haijakwanguliwa.
2. Fungua kifuniko cha oili. Utando wa rangi ya maziwa maana yake maji yameingia.
3. Zungusha krenki kwa mkono, mizunguko miwili kamili, plagi zikiwa nje. Isikwame popote.
4. Ingiza kamera ndogo kwenye kila tundu la plagi. Kutu kwenye ukuta wa silinda ni ishara ya injini iliyokaa wazi mvuani au kwenye kontena.
5. Tazama chini ya sampu. Sampu iliyobonyea inaweza kuwa imebana mdomo wa kuvutia oili.
6. Ikiwa iko kwenye gari lililokatwa nusu, dai iwashwe, uisikilize ikiwa baridi, na upime kompresheni.
7. Andikiana na muuzaji muda wa dhamana na maana yake: kurudishiwa fedha, au kupewa injini nyingine.

Injini za mtumba kutoka Japani na zile zinazopitia Sharjah huuzwa bila historia. Maneno kwamba imetembea kidogo hayana uzito wowote. Kompresheni ndiyo shahidi wako.

Tahadhari: kabla ya kuifunga, badilisha mkanda wa taimingi na pampu ya maji kwa Toyota, sili ya nyuma ya krenki na mipira yote ya maji kwa injini yoyote ile. Kazi hizo huchukua saa chache injini ikiwa sakafuni, na siku nzima ikiwa ndani ya gari.

Hatua ya 8: Tengeneza karatasi

Namba ya injini imo kwenye kumbukumbu za usajili, kwa hiyo badiliko lazima liripotiwe: kwa TRA, mamlaka ya mapato, nchini Tanzania; kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, nchini Kenya. Hifadhi stakabadhi ya ununuzi yenye namba ya injini na hati za kuingizwa nchini, na utarajie gari kukaguliwa. Mjulishe pia wa bima. Injini isiyo na stakabadhi ni nafuu kwa sababu inayoeleweka, na polisi ndio watakaokueleza sababu hiyo.

Matatizo ya kawaida baada ya kuwasha

Stata inazungusha lakini injini haiwaki. Pima presha ya mafuta kwanza, kisha cheche. Vyote vikiwapo na nozeli zikawa kimya, chunguza waya wa ardhi wa kontroli boksi na sensa ya krenki. Kwa Mercedes ya kuanzia 1996, rudi kwenye suala la ufunguo.

Geji ya mizunguko inasoma juu kuliko kweli. Geji ya silinda 6 hutarajia mapigo 3 kwa mzunguko, na V8 hutoa 4, kwa hiyo mizunguko 3,000 itaonekana kama 4,000. Tumia geji ya W126 ya V8 au kifaa cha kubadilisha mapigo.

Gari linachemsha kwenye foleni lakini linapoa barabarani. Hewa haipiti. Angalia feni inazunguka kuelekea upande sahihi na kama kava lake lipo. Likichemsha barabarani na kutulia kwenye foleni, rejeta imeziba ndani au hewa imebaki kwenye mfumo wa maji.

Giaboksi ya Mercedes inachelewa kubadilisha gia au inapiga teke. Rekebisha kebo ya throtoli na uangalie mpira wa vakyumu kabla ya kumruhusu mtu yeyote kuifungua giaboksi.

Kanyagio la breki limekuwa gumu. Bomba la vakyumu halikuunganishwa, au limeunganishwa mbele ya throtoli badala ya nyuma yake. Usilitoe gari gereji mpaka lirekebishwe.

Mtetemo unaoanza kilomita 80 kwa saa na kuongezeka. Pembe ya propela si sawa: mwinuko wa giaboksi na wa difu vinapaswa kulingana. Inua au shusha mauntingi ya nyuma ya giaboksi kwa sahani nyembamba, milimita chache kwa wakati, na ujaribu tena kabla ya kulaumu usawazishaji wa propela.

Geji ya oili inalala karibu na 0.5 injini ikiwa moto na gari limesimama. Kwa injini ya Mercedes hilo si kosa, mradi mshale upande hadi 3 mara unapokanyaga mafuta. Ukipanda kwa kusitasita, zima injini na uthibitishe kwa kipimo cha mkono.